Pembe ya Tatu: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Hisabati Malindi

Swali lenyewe halina urefu. Pembetatu ina pembe moja ya digrii 50 na nyingine ya digrii 60. Tafuta ya tatu. Mwanafunzi anajumlisha, anapata 110, anaitoa katika 180, anaandika 70, anafunga daftari. Wazazi wengi wanaoniletea watoto kwa tuisheni hapa Malindi huamini kwamba hapo hapana cha kufundisha, na wapo walimu wenzangu wanaolimaliza somo hili kwa kipindi kimoja ili wawahi aljebra.

Mimi uzoefu umenifunza vingine. Miaka niliyokaa na vijana wa Shela, Barani na Muyeye, pamoja na wale wanaokuja Jumamosi kwa matatu kutoka Gede na Kilifi, imenionyesha kwamba hakuna swali linalomtenga upesi anayeelewa na anayekariri kuliko hili. Wote wawili hupata 70. Lakini geuza mchoro, ficha pembe moja nyuma ya alama, au itoe pembetatu kwenye karatasi uipandishe juu ya paa, na yule wa kukariri hana pa kushika. Haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa pwani yetu.

1. Ufito kwanza, kanuni baadaye

Somo la kwanza la pembetatu hulifanyia ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Mtoto mmoja huchora pembetatu kubwa kwa kisigino, umbo lolote alitakalo. Mwingine hulaza ufito juu ya upande mmoja, ncha yake ikiwa imefungwa kitambaa chekundu. Kisha kazi ni hii: zungusha ufito kwenye kona ya kwanza, kwa kadiri ya pembe ya ndani, mpaka ulale juu ya upande wa pili. Usukume hadi kona inayofuata, uzungushe tena kwa mwelekeo ule ule. Fanya hivyo na kona ya tatu, kisha urudi ulikoanzia.

Ufito unarudi mahali pake, ila kitambaa chekundu sasa kiko upande wa mkia. "Mwalimu, umegeuka nyuma!" alisema kijana mmoja wa Barani, naye akadhani ni bahati ya pembetatu ile. Akachora nyingine, nyembamba na ndefu. Ukageuka. Akachora yenye pembe pana. Ukageuka tena.

Mpaka hapo sijataja namba yoyote, wala sijaandika kanuni ubaoni. Lakini kila mtoto ameshaona kwa macho yake kwamba pembe tatu za pembetatu, zikiunganishwa, ni nusu ya mzunguko. Shule zisizo na ufukwe zinaweza kupasua pembe tatu za pembetatu ya karatasi na kuzipanga ubavu kwa ubavu juu ya rula. Zitakaa sawasawa kwenye mstari ulionyooka. Faida ya ufito ni kwamba mtoto anaizungusha pembe kwa mkono wake mwenyewe. Anajua kuwa pembe ni kiasi cha kugeuka, wala si kona tu ya mchoro.

2. Namba 180 imewekwa na watu

Msichana mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya wenzake: "Sasa mwalimu, hiyo mia na themanini umeitoa wapi? Mbona isiwe mia mbili?" Wenzake wakacheka. Mimi niliona ndilo swali bora la muhula ule.

Kuugawa mzunguko katika sehemu 360 ni urithi wa Babeli ya kale, ambako watu walihesabu kwa sitini sitini. Ina raha yake, kwa kuwa 360 hugawika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila kubakiza kitu. Lakini si lazima. Wafaransa, mwishoni mwa karne ya 18, walipokuwa wakiunda vipimo vya mita, waliigawa pembe mraba katika sehemu 100, hivyo mzunguko mzima ukawa na sehemu 400. Kwa kipimo hicho pembe za pembetatu hujumlika kuwa 200 kamili, na vipo vyombo vya wapima ardhi vinavyokitumia mpaka leo. Kwa hiyo msichana yule hakukosea. Alikuwa ametaja kipimo kingine bila kujua.

Tangu hapo hulitaja jambo hili kila mwaka. Mwanafunzi akishajua kwamba nusu mzunguko ndio usiobadilika, na kwamba 180 ni jina tulilolipa nusu hiyo, haoni tena namba ile kuwa amri iliyoshuka kutoka ofisi ya mwalimu mkuu.

3. Kuona si kuthibitisha

Wape wanafunzi vipimapembe vya plastiki wapime pembetatu walizochora wenyewe. Mmoja atapata 179, mwingine 181, mwingine 178 na nusu. Hapo ndipo mjanja wa darasa husema, "Basi si 180!" Asinyamazishwe. Hoja yake ni nzito: kalamu ina unene, macho hukosea, na hata kama pembetatu elfu zingetoa 180, bado ya elfu na moja haijapimwa. Ufito wetu wa ufukweni nao uko kwenye hukumu hiyo hiyo.

Kinachoumaliza ubishi ni hoja. Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka katika kitabu cha kwanza cha kazi yake, hoja ya 32. Hivi ndivyo ninavyoieleza. Chora pembetatu yoyote, kitako chake kikiwa chini. Pita kwenye kilele na mstari ulio sambamba na kitako. Upande wa kushoto wa pembetatu unaikata mistari hiyo miwili, basi pembe ya kitako ya kushoto inalingana na pembe iliyo juu, kushoto kwa kilele. Upande wa kulia nao ni vivyo hivyo. Sasa juu kuna pembe tatu zilizokaa pamoja kwenye mstari mmoja ulionyooka: ya kushoto, ya kilele na ya kulia. Mstari ulionyooka ni nusu mzunguko. Kwisha maneno.

Mchoro huo huo una zawadi nyingine. Refusha upande mmoja nje ya pembetatu, na pembe ya nje utakayoipata ni sawa na jumla ya zile pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Ikiwa ya nje ni 130 na moja ya zile za mbali ni 75, nyingine ni 55, na hukuhitaji kuigusa 180. Asiyejua maana haambiwi maana: aliyekariri kutoa tu atazunguka kwa hatua mbili, na njiani anaweza kupotea.

4. Mchoro husema mengi kuliko namba zake

Wanafunzi wengi wanaoshindwa swali la pembe ya tatu hawashindwi kutoa. Wanashindwa kuona walichopewa. Mchoro una namba moja tu, 40, nao wanalalamika kwamba swali halijakamilika. Hawajaona kijisanduku kidogo kwenye kona, ambacho ni digrii 90. Hawajaona vistari viwili vifupi vilivyokata pande mbili, vinavyosema pande hizo ni sawa na kwa hiyo pembe zinazozielekea ni sawa. Hawajaona vishale vya mistari sambamba, wala kwamba kitako kimerefushwa na kufanya mstari ulionyooka.

Siku hizi nina sharti moja: hakuna kutoa wala kujumlisha kabla ya kuyaandika juu ya mchoro yote ambayo alama zinayasema. Mwanafunzi huchukua penseli na kuijaza pembetatu yake. Mara nyingi akimaliza kujaza, jibu limeshajitokeza.

Sharti la pili linahusu macho. Michoro ya mitihani mara nyingi haichorwi kwa vipimo halisi, hivyo pembe inayoonekana kali inaweza kuwa pana. Mwanafunzi asiliamini umbo. Aamini alama na namba. Lakini jibu lake alipitishe kwenye maswali mawili. Je, pembe kubwa kuliko zote inaelekea upande mrefu kuliko wote? Je, kuna pembe mbili zinazozidi 90? Zikiwapo, hiyo si pembetatu, kwa sababu mbili hizo peke yake zimeshavuka 180.

5. Fundi wa makuti huijua pembe bila kuitaja

Hoteli na nyumba nyingi kuanzia Kilifi hadi Mambrui zimeezekwa makuti. Fundi mmoja, mtu mzima anayeheshimika kwa kazi hiyo, aliniambia nilipomuuliza juu ya digrii: "Mwalimu, mie digrii sizijui. Mie nataka maji yateremke." Maneno yake yana somo zima ndani yake. Makuti hayazuii maji kama bati, huyaongoza. Mteremko ukiwa mdogo maji hukawia, hupenya, na makuti yenyewe huoza. Ndiyo maana mapaa ya namna hii hutakiwa yawe na mteremko wa digrii 45 au zaidi.

Sasa litazame paa kutoka upande wa ncha ya nyumba. Makombamoyo mawili yenye urefu sawa yamekutana juu, na mtambaapanya umelala chini. Ni pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo pembe mbili za chini ni sawa. Kila moja ikiwa 45, ya juu ni 180 ukitoa 90, yaani 90. Hapa ndipo wanafunzi wangu hufungua macho: fundi akiweka skwea yake pale juu ambapo makombamoyo yanakutana, na ikakaa sawasawa, amejua mteremko wa chini bila kipimapembe. Pembe asiyoipima ameisoma kwenye ile aliyoipima.

Endelea na hesabu. Kilele kikipanuka kuwa 100, kila upande unabaki na 40, na makuti yataanza kulalamika mvua za masika. Kikifika 120, mteremko ni 30. Hapo ezeka mabati. Kikiwa 60, pembe zote tatu ni sawa, na kombamoyo lina urefu sawa na upana wote wa chumba, gharama ambayo mwenye nyumba ataihisi anaponunua boriti. Watoto wa mafundi hulipata somo hili kabla ya wengine. Nami huwapa nafasi ya kuwafundisha wenzao.

6. Aljebra ni kugawa mafungu

Swali likisema pembe za pembetatu ziko katika uwiano wa 2:3:4, darasa hunyamaza. Hapo nawakumbusha samaki. Chombo kikirudi, mapato hukatwa mafungu: la chombo, la nyavu, la mabaharia. Hakuna mvuvi anayehitaji shahada kujua kwamba mafungu mawili, matatu na manne ni mafungu tisa. Basi gawa 180 kwa 9, fungu moja ni 20. Pembe ni 40, 60 na 80.

Wakishazoea, nawapa swali jingine: pembe ni x, x ukiongeza 20, na x ukiongeza 40. Jumla ni 3x na 60. Hiyo ni 180. X ni 40. Pembe ni 40, 60 na 80. Kisha la tatu: pembe moja ya nje ni 140, na moja ya zile za ndani zilizo mbali nayo ni 60. Ya ndani iliyo kando ya 140 ni 40, ya mbali iliyobaki ni 80. Ni pembetatu ile ile, imebadilisha nguo.

Baada ya hapo nawageuzia kazi: kila mmoja atunge swali ambalo jibu lake ni 40, 60 na 80, na lisifanane na la jirani yake. Zoezi hili moja limenifaa kuliko kurasa nyingi za maswali ya kunakili. Anayeweza kuificha pembe ataweza kuifichua.

7. Kivuli cha mchana hutuambia tulipo duniani

Tarehe 20 au 21 Machi, jua linapokuwa juu ya Ikweta, simamisha fimbo ya mita moja wima kwa timazi kwenye uwanja tambarare wa Malindi. Ngoja kivuli kifikie ufupi wake wa mwisho. Haitakuwa saa sita kamili, kwa sababu saa ya Kenya hufuata longitudo ya 45, nasi tuko kwenye 40; siku hiyo ni karibu saa sita na nusu. Kivuli kitaangukia kusini, na hakitafika sentimita sita.

Fimbo, kivuli na mwale wa jua vimefanya pembetatu. Pale fimbo inapokanyaga ardhi ni 90. Kwenye ncha ya kivuli ni karibu 87. Basi ya tatu, ile ya juu kwenye kichwa cha fimbo ambayo hakuna anayeweza kuifikia kwa raha na kipimapembe, ni 3. Na hiyo 3 ndiyo latitudo yetu: Malindi iko digrii 3 na kidogo kusini mwa Ikweta. Sababu ni ile mistari sambamba ya somo la tatu, kwa maana miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, na fimbo iliyo wima huelekea kitovu cha dunia. Kila digrii ya latitudo ni kilomita zipatazo 111, hivyo tuko kama kilomita 350 kutoka Ikweta. Mwanazuoni Eratosthenes alitumia hoja hii hii Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, kukadiria mzingo wa dunia nzima.

Wanafunzi huuliza, digrii 3 zina faida gani? Nawaelekeza Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini na kurusha satelaiti yao ya kwanza kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Njia yake kuizunguka dunia iliinama digrii kama 3 kutoka Ikweta. Chombo kinachorushwa moja kwa moja kuelekea mashariki huanza na mwinamo ulio sawa na latitudo ya mahali kinapoondokea. Pembe iliyo kwenye kichwa cha fimbo yetu ndiyo hiyo iliyokwenda angani.

8. Pembe ya tatu ni shahidi, na wakati mwingine ni onyo

Wavuvi wetu huujua mwamba wenye samaki kwa kulinganisha alama mbili mbili za nchi kavu: mnazi fulani ukae mbele ya kilima fulani, na upande wa pili jengo fulani lifunikwe na ncha ya rasi. Mistari miwili ikikutana, chombo kipo penyewe. Wapima ardhi wamelifanya jambo hili kwa namba tangu mwanahisabati Gemma Frisius alipolieleza kwa maandishi mwaka 1533.

Kwa wanafunzi, natumia mbao mbili zilizochorwa digrii, msumari katikati na mrija wa soda wa kulengea. Tunapima mstari wa mita 100 ufukweni, mmoja anasimama kila mwisho, wote wanalenga mashua iliyotia nanga. Tuseme mmoja asoma 70, mwingine 80. Pembe iliyo kule kwenye mashua ni 30, na hakuna aliyelowa. Wale wa kidato cha juu wanaendelea kwa kanuni ya saini: mashua iko mita kama 197 kutoka kwa yule wa 70, na kama 188 kutoka kwa mwenzake.

Lakini tuseme mashua iko mbali, na wanasoma 87 na 88. Ya tatu ni 5, na umbali ni kama mita 1,150. Sasa yule wa 87 mkono wake ulitetemeka kwa digrii moja tu, ikawa 88. Ya tatu inashuka kuwa 4, na umbali unaruka hadi zaidi ya mita 1,430. Digrii moja imezaa karibu mita 300. Pembe ya tatu ikiwa ndogo sana, usiliamini jibu. Refusha mstari wa ufukweni kwanza.

Kuna jambo jingine wapima ardhi hutufundisha. Wao, inapowezekana, hupima pembe zote tatu, hata kama mbili zingetosha. Ukiipata ya tatu kwa kutoa, jumla itakuwa 180 daima, hata kama zile mbili ulizipima vibaya. Ukiipima kwa chombo, jumla itakuambia kama kazi yako ni safi. Mwanafunzi anayejua tofauti ya kukokotoa na kuhakiki amepata kitu kitakachomfaa hata nje ya hisabati.

9. Kila kanuni ina mpaka wake

"Mwalimu, tanga likijaa upepo, bado ni 180?" Swali hili lilitoka kwa kijana wa jamii ya mabaharia, na nililifurahia sana. Tanga la mashua likitandazwa chini ni pembetatu. Likishikwa na upepo hufanya tumbo, na juu ya kitu kilichotuna kanuni yetu haishiki tena. Euclid alizungumza juu ya uso ulio bapa.

Chukua mpira uchore, au chukua dunia yenyewe. Anza kwenye Ikweta, karibu na Garissa. Fuata Ikweta kuelekea magharibi mpaka Macapá, mji wa Brazil unaopitiwa na mstari huo. Umekwenda karibu digrii 90 za longitudo. Kutoka hapo panda moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, kisha ushuke moja kwa moja hadi Garissa. Umefanya pembetatu yenye pembe tatu ambazo kila moja ni karibu 90. Jumla ni kama 270. Kwa shamba la ekari mbili ziada hiyo haionekani kabisa. Inahitaji eneo la kilomita za mraba zipatazo 200 ili kuongeza sekunde moja, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Ndiyo maana fundi hana haja ya kuijali, na rubani anayo.

Pembetatu ya namna hiyo ipo hata katika ibada. Malindi, Makka na Ncha ya Kaskazini ni kona tatu. Malindi iko longitudo ya 40.1, Makka 39.8, pembe ya pale Nchani haifiki theluthi moja ya digrii. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kikiinamia magharibi kwa chini ya digrii moja. Nenda kwenye magofu ya Gede ukauone Msikiti Mkuu: mihrabu yake iko upande wa kaskazini.

10. Sababu iandikwe

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, njia ina alama zake, si jibu peke yake. Mwanafunzi anayeandika "70" tupu ameweka kila kitu juu ya namba moja. Anayeandika kwamba ni 70 kwa kuwa pembe za ndani za pembetatu hujumlika kuwa 180, au kwa kuwa pande hizi ni sawa, amelinda kazi yake hata kalamu ikiteleza kwenye kutoa. Nami nimeona kwamba anayelazimika kuandika sababu huacha kubahatisha. Njia rahisi ya mazoezi ni kumweleza mdogo wake nyumbani, kwa Kiswahili au Kigiriama au lugha yoyote ya hapo nyumbani, mpaka mdogo aelewe. Mdogo asipoelewa, mkubwa naye bado.

Walimu wenzangu, msilikimbize somo hili. Lipeni wiki nzima, mtoke nje ya darasa, mwende kwenye paa, kwenye kivuli na kwenye ufukwe. Muda huo mtaulipwa watakapofika kwenye trigonometria, kwa kuwa yote yale yamejengwa juu ya pembetatu. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi na daftari lenye alama za vyema, msimuulize amepata ngapi. Muulizeni kwa nini ni 180. Akiweza kuwajibu, hisabati yake iko salama. Asipoweza, rudini kwa mwalimu wake mapema, kabla mtihani haujamuuliza swali hilo kwa njia ngumu zaidi.